Pikipiki inavuta upande: je, ni chasisi iliyopinda?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Honda CG125 ya miaka ya tisini niliyoachiwa na baba yangu mdogo, naitumia kwenda shuleni hapa Njombe. Tangu masika yaliyopita inavuta kushoto, mkia unacheza kwenye kona, na sproketi ya nyuma imeliwa meno upande mmoja. Ilianguka mara moja kwenye matope, tena polepole. Alama za kwenye swingamu (mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu la nyuma) ziko sawa pande zote mbili, nimezifuata kila ninapokaza cheni. Fundi wa hapa aliitazama kwa nyuma akasema chasisi imepinda, anataka kuikata na kuichomelea upya. Nimkubalie?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Usimkubalie, angalau kwa sasa. Chasisi ikishakatwa hairudi ilivyokuwa, na katika dalili zote ulizotaja hakuna hata moja inayoishitaki chasisi peke yake. Bushi za swingamu zilizokufa, yaani vibomba vya mpira, plastiki au shaba vinavyoizunguka bolti yake, huleta hayo hayo. Vilevile spesa (kibomba cha kwenye ekseli kinachoshika nafasi pembeni ya gurudumu) iliyorudishwa vibaya siku ya kuziba pancha, shokapu moja iliyochoka kuliko mwenzake, spoku zilizokazwa kiholela, au foki za mbele (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) zilizojisokota kwenye vishikio vyake. Kwa anguko la polepole matopeni, usukani, vikanyagio na foki ndivyo hupokea kishindo. Chasisi naiweka mwisho wa foleni, na hata hapo haihukumiwi kwa jicho la mtu aliyesimama nyuma ya pikipiki.

Kabla ya kushika spana, iondoe barabara kwenye hesabu. Sisi tunaendesha kushoto, na barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji yateremke pembeni. Kwa hiyo pikipiki nzima kabisa nayo huvuta kushoto kidogo ukiwa kwenye njia yako. Ipeleke kwenye uwanja wa shule uliolala sawa, jaza upepo unaotakiwa matairi yote mawili, endesha polepole kwa mstari mnyoofu juu ya vumbi jepesi au mchanga wenye unyevu, halafu rudi utazame alama. Alama ya tairi la nyuma ikikaa juu ya ile ya mbele, kosa kama lipo ni dogo. Ikiwa pembeni muda wote kwa upande uleule, magurudumu yako hayako kwenye mstari mmoja. Kosa la milimita tatu halionekani kwenye vumbi, la sentimita moja linaonekana. Usijaribu kuachia usukani barabara kuu ili uone inakwenda wapi, nimesikia watu wakishauri hivyo.

Sasa alama za kwenye swingamu. Hizo zinakusaidia kukumbuka ekseli ilikuwa wapi kabla hujalegeza nati, basi. Kwenye pikipiki ya umri huo, adjasta moja (kifaa cha kusogeza ekseli unapokaza cheni) huenda ilishabadilishwa, vipande vyenye alama vimeliwa na kutu, au swingamu yenyewe si ile iliyotoka nayo kiwandani. Kipimo cha kuaminika huanzia kwenye kitovu cha bolti inayoshika swingamu kwenye chasisi, hadi kitovu cha ekseli. Chukua waya mgumu wa kuchomelea, kunja ncha moja ikae kwenye kitovu cha bolti, kunja ya pili ifike kwenye kitovu cha ekseli. Kisha peleka waya huohuo upande wa pili bila kuubadili. Ekzosi ikikuzuia upande wa kulia, ifungue. Usitumie futi ya kukunja kwa kazi hii, inapinda ikizunguka vitu na itakudanganya.

Kwa nini nasisitiza? Fanya hesabu ndogo. Tuseme kati ya adjasta ya kushoto na ya kulia kuna sentimita 20, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele kuna mita 1.2. Upande mmoja ukitangulia kwa milimita moja tu, mstari wa gurudumu la nyuma utakosa gurudumu la mbele kwa milimita sita. Na kwenye alama zile za kiwandani milimita moja ni unene wa mstari wenyewe.

Ila waya huo hauna maana kama vitu vinacheza. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma liwe hewani. Shika tairi juu na chini, sukuma na vuta kwa zamu. Ukisikia mchezo, mwombe mtu aweke kidole pale swingamu inapokutana na chasisi. Gurudumu likicheza huku swingamu imetulia, ni beringi za gurudumu. Swingamu ikienda pamoja na gurudumu, ni bushi. Kwa uhakika zaidi toa gurudumu, fungua shokapu zote mbili kwa chini, shika ncha za swingamu uisukume kushoto na kulia. Inapaswa kupanda na kushuka tu. Ukihisi hata “kli” ndogo ya kwenda pembeni, umeshampata mmoja wa wahalifu, kwa sababu mchezo mdogo pale kwenye bolti hukuzwa mara kadhaa ukifika kwenye tairi. Mkia unaocheza kwenye kona ni tabia ya bushi zilizokufa kuliko ya chasisi iliyopinda: chuma kilichopinda hukosea upande uleule siku zote, bushi iliyolegea huuachia mkia uende huku na huku kama mlango ulioachia bawaba.

Ukibadilisha bushi, tazama ni za aina gani. Zile za mpira ulioshikamana na chuma ndani na nje hazipakwi grisi. Mpira wenyewe ndio hujisokota swingamu inapopanda na kushuka. Kwa hiyo bolti yake hukazwa mwishoni wakati swingamu iko kwenye usawa wa kawaida wa kuendeshea, magurudumu yote chini na mtu amekaa juu. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning’inia, mpira utaishi umejisokota na utachanika mapema. Zile za plastiki ngumu au za shaba zinataka grisi, na zikikauka huliwa upesi. Bolti iliyoshikwa na kutu usiipige nyundo moja kwa moja kwenye nyuzi. Rudisha nati hadi ilingane na mwisho wa bolti, ndipo ugonge.

Tuje kwenye gurudumu, maana hapa ndipo nadhani tatizo lako lilipo. Pikipiki ya miaka thelathini imezibwa pancha mara zisizohesabika, na kila mara ekseli imetolewa na spesa zimewekwa chini kwenye vumbi. Spesa ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazilingani urefu. Zikibadilishana, gurudumu zima linasogea upande mmoja kwa milimita kadhaa huku ekseli ikiwa imenyooka kabisa na alama za swingamu zikiwa sawasawa. Nimeona pia washa mbili tatu zimewekwa badala ya spesa iliyopotea. Na kuna jambo la pili: injini ya CG ilinakiliwa sana na viwanda vya China, na pikipiki za uzao huo zimejaa Afrika Mashariki, kwa hiyo habu (sehemu ya katikati ya gurudumu inayoshika spoku), sproketi na spesa zake zinapatikana kila duka. Kwa macho zinafanana na zako. Kwa milimita si lazima zilingane.

Muulize baba mdogo kama gurudumu la nyuma liliwahi kubadilishwa. Kisha toa ekseli, panga kila kitu juu ya gunia kwa mpangilio kilivyotoka, upande wa cheni na upande wa breki, na ulinganishe na mchoro wa kitabu cha vipuri. Usisahau bomba fupi linalokaa ndani ya habu kati ya beringi mbili. Likikosekana au likiwa fupi, kila ukikaza ekseli unazibana beringi kwa ndani, nazo hufa upesi bila mtu kuelewa kwa nini. Ukiwa hapo viringisha ekseli juu ya kioo kinene. Ikirukaruka, nunua nyingine, haiko ghali.

Halafu tazama sproketi yenyewe. Ishike kwa mikono miwili uitikise. Kwenye Honda ndogo nyingi inakaa kwenye habu kwa pini zenye mipira, na mipira ikiisha au ringi inayoizuia ikilegea, sproketi huyumba. Ikiyumba, meno huliwa ubavuni hata kama kila kitu kingine kiko kwenye mstari. CG za mwanzo zilikuja na kasha lililoifunika cheni nzima, jambo zuri kwa vumbi na matope, lakini huficha uharibifu wa namna hii kwa miaka. Kama lako bado lipo, litoe kwa siku ya vipimo na ulirudishe baadaye. Watu wanalitupa, sijui kwa nini.

Spoku nazo: zungusha gurudumu polepole, weka bisibisi kwenye swingamu ncha yake ikaribie rimu, utazame rimu inavyokwenda na kurudi. Ikizidi milimita mbili, inahitaji kunyooshwa. Lakini rimu inaweza kuzunguka ikiwa imetulia kabisa na bado ikawa imevutwa yote upande mmoja wa habu, kwa sababu aliyekaza spoku alitazama mtikisiko tu. Na usidhani rimu lazima iwe katikati ya mikono miwili ya swingamu. Pikipiki nyingi haziko hivyo, upande wa cheni huhitaji nafasi yake. Jibu la kama rimu iko mahali pake litatoka kwenye gurudumu la mbele, kwa uzi.

Kipimo cha uzi ni cha kale na bado sijaona cha bei rahisi kinachokizidi. Chagua sakafu ya saruji, mtu aishike pikipiki wima, magurudumu yote chini, stendi imekunjwa. Funga uzi mwembamba nyuma ya tairi la nyuma, kimo cha sentimita 10 hivi kutoka chini ili upite chini ya injini bila kugusa kitu. Pitisha ncha moja kila upande hadi mbele ya tairi la mbele, uzifunge kwenye matofali mawili. Sogeza matofali ndani taratibu mpaka kila uzi uguse tairi la nyuma sehemu mbili, ukingo wa nyuma na ukingo wa mbele, kwa kugusa tu bila kupindwa. Sasa unao mstari wa gurudumu la nyuma pande zote mbili. Nyoosha usukani mpaka tairi la mbele liwe sambamba na nyuzi, kisha pima nafasi kati ya uzi na tairi la mbele kushoto na kulia.

Tairi la mbele huwa jembamba zaidi. Kwa mfano la nyuma likiwa la 3.00 na la mbele la 2.75, tofauti ni robo inchi, kwa hiyo kila upande utegemee nafasi ya milimita tatu hivi. Pima upana halisi wa yako kwanza, tairi hazifuati maandishi yake sawasawa. Nafasi zikilingana kushoto na kulia, magurudumu yako kwenye mstari. Kushoto ikiwa sita na kulia sifuri, umekosa kwa milimita tatu. Mimi kwa pikipiki ya kazi yenye rimu za spoku, kosa la milimita moja au mbili silifukuzi. Likifika tano nalitafuta.

Kusoma majibu ndiko wengi wanakokwama. Anza na ekseli iliyowekwa sawa kwa waya. Kama uzi nao unakubali, maliza, funga, nenda nyumbani. Alama za swingamu ndizo zilizokuwa zinakudanganya. Kama waya unasema ekseli imenyooka lakini uzi unasema gurudumu liko pembeni, toa kava la sproketi ndogo ya mbele na ulaze rula ndefu ya chuma kwenye ubavu wa sproketi ya nyuma, ielekee mbele. Sproketi zikiwa kwenye mstari mmoja huku gurudumu likiwa pembeni, kosa liko kwenye spoku: habu iko mahali pake, rimu imevutwa. Sproketi zikikosana kwa kiasi kilekile cha gurudumu, habu nzima imesogea, rudi kwenye spesa. Na kama ili uzi ukubali inabidi uiweke ekseli upande mmoja mbele zaidi ya mwingine, na ukifanya hivyo cheni inaanza kupiga kelele, hapo ndipo unapoanza kuishuku swingamu.

Kuna kosa ambalo uzi wa chini hauonyeshi vizuri: gurudumu la nyuma kulala upande wakati la mbele limesimama. Hilo linataka timazi. Shika pikipiki mpaka gurudumu la mbele liwe wima kabisa kwa timazi, kisha ning’iniza timazi karibu na rimu ya nyuma na upime juu na chini. Ya nyuma ikiwa imelala, fundi wako atasema “si unaona?” Mwambie asubiri. Tazama shokapu. Moja ikiwa mpya na nyingine ya zamani, au kola ya kukazia springi ikiwa ngazi ya pili kushoto na ya nne kulia, swingamu inasukumwa kwa nguvu zisizolingana, na kwa bushi zilizochoka itakubali kujisokota. Fungua shokapu zote mbili kwa chini, tegemeza gurudumu kwa tofali, pima tena. Likisimama wima, umeokoa chasisi yako. Shokapu hununuliwa mbili kwa pamoja, hata kama moja tu ndiyo inavuja.

Ikibaki imelala, toa swingamu. Irudishie bolti yake kwenye bushi nzuri na uweke ekseli iliyonyooka kwenye nafasi zake. Ibane mezani mpaka pima maji iliyo juu ya bolti ionyeshe usawa, halafu hamishia pima maji kwenye ekseli. Povu likikaa palepale, swingamu haijajisokota. Likihama, imejisokota, na hoja imeisha. Tazama pia kama iliwahi kuongezwa vyuma vya kuiimarisha, kama wafanyavyo waendesha bodaboda wanaobeba mishikaki na magunia ya mkaa. Mshono wa kuchomelea hupoa ukijikunja na kuivuta bomba upande wake, kwa hiyo swingamu “iliyoimarishwa” mara nyingi ndiyo iliyopinda. Usiinyooshe kwa moto. Tafuta nyingine iliyotumika, na uende dukani na pima maji yako, uipime kabla ya kutoa pesa. Muuzaji atacheka, mwache.

Upande wa mbele nimeuacha makusudi, lakini kwako wewe uliyeanguka si wa kupuuza. Simama mbele ya pikipiki, bana gurudumu kati ya magoti, utazame kama usukani uko mraba nalo. Kama hauko, foki zimejisokota kwenye vishikio. Legeza bolti za kishikio cha chini na ekseli ya mbele, shika usukani na uusokote urudi mahali pake, kisha kaza kuanzia chini kwenda juu. Kazi ya nusu saa, na mara nyingi kule “kuvuta kushoto” huishia hapo. Jaribu pia beringi za shingo ya usukani: gurudumu la mbele likiwa hewani, usukani ukikwama kidogo katikati, beringi zimechimbika na pikipiki haitakwenda mnyoofu hata ufanye nini huko nyuma.

Sasa tuseme umepita kote huko, swingamu imenyooka, bushi ni mpya, gurudumu ni sahihi, na uzi bado unakataa. Basi ni chasisi. Safisha kwa mafuta ya taa chini ya shingo na pale inaposhikiliwa bolti ya swingamu, utafute rangi iliyopasuka au mstari mwembamba wa kutu. Chuma kikijikunja, rangi hutangulia kusema. Kazi hiyo hufanywa na mtu mwenye meza ya kuibana chasisi na kuivuta ikiwa inapimwa, si kwa kukata na kukisia. Na asiguse pale ilipochongwa namba ya chasisi. Namba hiyo iko kwenye kadi yako ya usajili, na ikiharibika utahangaika kueleza pikipiki ni yako.

Wakati wa kurudisha, sproketi iliyoliwa usiiache. Badilisha zote mbili pamoja na cheni, la sivyo ile ya zamani itaifundisha mpya tabia zake. Acha cheni ilegee milimita 20 hadi 30 katikati, ukipima mahali inapokaza zaidi unapoizungusha. Ukifika kukaza nati ya ekseli, sokota kitambaa kati ya cheni na sproketi ya nyuma kisha zungusha gurudumu kinyume mpaka kibane; hiyo huivuta ekseli mbele ikae imara kwenye adjasta zote mbili na isihame nati inapokaza. Kanyaga breki wakati wa kukaza ili viatu vyake vijiweke katikati. Pima tena kwa waya, kwa sababu kukaza kunaweza kusogeza ulichopanga.

Kisha angalia ule mkono mwembamba unaozuia sahani ya breki isizunguke. Nati yake ina kota pini, kile kipini cha kukunjwa kinachoizuia nati isifunguke. Weka mpya, usiirudishe iliyokunjwa mara mbili, na usiwashe pikipiki bila hiyo: mkono ule ukichomoka ukiwa kwenye mwendo, sahani ya breki huzunguka na gurudumu la nyuma hujifunga papo hapo.